Ukatili Wenye Manufaa: Je, Ni Haki?

Tangu zamani watu wamebishana kama lengo jema laweza kuhalalisha njia mbaya. Siku hizi mjadala huo umepata uwanja mpya, nao ni michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huwekwa katika dunia iliyokwisha angamia. Serikali zimeanguka, na makundi ya watu yashindania yale machache yaliyosalia. Makala hii yachambua mchezo mmoja wa aina hiyo ili kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: je, mbinu fulani hufanikiwa? Na je, mbinu hiyo ni ya haki?

Mchezo wenyewe

Mchezo uitwao Fallout: New Vegas ulitengenezwa na kampuni ya Obsidian Entertainment ya Marekani na kutolewa mwaka 2010. Hadithi yake yatukia mwaka 2281, miaka 204 baada ya vita vya nyuklia, katika jangwa la Mojave. Makundi matatu makubwa yagombea Bwawa la Hoover, lenye umeme na maji. La kwanza ni Jamhuri Mpya ya California, yenye sheria na uchaguzi, lakini pia yenye kodi nzito, rushwa na jeshi lililotawanyika mno. La pili ni utawala wa mtu mmoja, Bwana House, anayelindwa na roboti. La tatu ni Legioni ya Caesar.

Caesar alijifunza utawala katika vitabu vya historia ya Roma ya kale. Aliyateka makabila 86, akayafuta majina na mila zao, akawafanya wanaume askari na wanawake watumwa. Katika mji mdogo wa Nipton, watu wake huwapigisha wakazi bahati nasibu: mmoja huachiwa huru, na wengine huuawa, husulubiwa au kutiwa utumwani.

Hoja ya watetezi

Wako wachezaji wanaoitetea Legioni. Wao husema kwamba katika nchi isiyo na polisi wala mahakama, huruma ni anasa. Hutaja ushuhuda wa wafanyabiashara waliomo katika mchezo, ambao husimulia kwamba barabara za Legioni hazina majambazi. Kwa maoni yao, vifo vya leo ni bei ya amani ya kesho. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa watawala wengi wa kweli wameitumia. Yafaa ipimwe.

Kuipima hoja

Kwanza, mchezo si ushahidi. Mchezo ni kielelezo, na matokeo ya kielelezo hutegemea yale aliyoyatia mtungaji. Watungaji wakiandika kwamba barabara ni salama, zitakuwa salama. Mchezo hauwezi kuthibitisha kwamba ukatili huleta amani, kama vile hesabu ya kitabuni isivyoweza kuthibitisha kwamba treni ilifika kwa wakati.

Pili, yawezekana kutumia kielelezo ambacho masharti yake yako wazi. Mwaka 1980 Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa nchini Marekani, alitangaza matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta. Katika kila mzunguko, programu mbili huchagua kushirikiana au kusaliti. Zikishirikiana, kila moja hupata pointi 3. Zikisalitiana, kila moja hupata 1. Moja ikisaliti na nyingine ikishirikiana, msaliti hupata 5 na mwenziwe 0. Aliyeshinda ni Anatol Rapoport, kwa programu fupi kuliko zote: huanza kwa kushirikiana, kisha humlipa mwenziwe kama alivyotendewa.

Mwanafunzi na apige hesabu ya mizunguko 10. Msaliti wa daima akikutana na mlipaji huyo, hupata 5 katika mzunguko wa kwanza na 1 katika kila mmoja wa mizunguko 9 inayobaki, jumla 14. Mlipaji hupata 9. Lakini walipaji wawili wakikutana, kila mmoja hupata 30. Msaliti amemshinda jirani yake, na wote wawili wamebaki maskini.

Hata hivyo, kielelezo hiki nacho kina mpaka. Chategemea kukutana mara kwa mara. Mwenye nguvu za kumwangamiza mwenziwe siku ya kwanza haogopi kulipwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ukatili ni mbaya kwa sababu hauleti faida, kwani mahali pengine huenda ukaleta.

Tatu, basi, ni lazima kuuliza: ni nani anayehesabiwa? Barabara salama humfaa mfanyabiashara. Mtumwa hana safari yake mwenyewe. Anayesema kwamba “watu” wamepata amani amekwisha waondoa waliotekwa katika hesabu. Wala bei ya amani hiyo hawakukubali kuilipa, walilipishwa.

Nne, mtawala mwenyewe hazitii amri zake. Legioni yakataza mashine za tiba, lakini Caesar, mwenye uvimbe katika ubongo, anayo moja katika hema lake. Akifa, jeshi lote laangukia mikononi mwa Lanius, jemadari mkali kuliko yeye. Utaratibu unaotegemea woga wa mtu mmoja haumwachii raia dhamana yoyote siku mtu huyo akiondoka.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kuligawa darasa katika pande mbili, upande mmoja uitetee Legioni na mwingine uipinge, kisha pande zibadilishane. Maswali ya kujadili:

1. Msaliti wa daima na mlipaji wakikutana kwa mizunguko 100, kila mmoja atapata pointi ngapi?
2. Je, kasoro za Jamhuri zatosha kuifanya Legioni kuwa ya haki?
3. Kama mtetezi wa Legioni asingejua atazaliwa mfanyabiashara au mtumwa, je, angeendelea kuitetea?

Swali la tatu halina jibu katika kompyuta. Kila mwanafunzi hana budi kulijibu mwenyewe na kutoa sababu zake.