Askari Nje ya Zamu Akipiga Mtu Risasi, Ni Nani Alipaye?

Mas'ala haya twaulizwa sana, na jawabu zitolewazo barazani huwa ni mbili, na zote zina kasoro. Wako wasemao: "Askari ni wa Serikali, basi Serikali italipa tu." Na wako wasemao: "Hakuwa kazini, basi mwandameni yeye mwenyewe." Hii ya pili ndiyo idhuruyo zaidi, kwani mjane akishaambiwa hivyo hukata tamaa, na haki yake ikapotea hali yeye yuko kimya.

Kwanza yafaa tupambanue. Kumshitaki muuaji ili atiwe gerezani ni jambo moja, na kudai fidia ya damu, matibabu na riziki iliyokatika ni jambo jingine. Sisi leo twazungumza juu ya hili la pili. Kwamba askari mwenyewe adaiwa, hilo halina mjadala. Lakini mtu wa mshahara mdogo, naye yumo gerezani, atalipa nini? Ndipo watu wakamtafuta aliyempa ile bunduki.

Sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama za Kenya zaufuata msingi wake katika mlango huu, yasema kwamba mwajiri huchukua dhamana ya kosa la mtumishi wake ikiwa kosa hilo lina mafungamano ya karibu na kazi aliyopewa. Maneno ni mepesi, uzito uko katika kuyapima. Na katika mwaka 2004 majaji wa Privy Council, London, walizipima kesi mbili kutoka visiwa vya Karibi, ambazo hukumu zake hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzitumia kuwa ni hoja.

Ya kwanza ilitoka Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Askari mmoja, aliyekuwa bado katika muda wa kujaribiwa, aliwekwa peke yake katika kisiwa kidogo cha Jost Van Dyke. Mwaka 1994 aliuacha ulinzi wake, akachukua bastola ya kituo, akavuka bahari mpaka Tortola, akaingia mkahawani alimokuwamo mwanamke aliyezaa naye, akapiga risasi kwa wivu. Mgeni mmoja asiyejua habari yao akajeruhiwa vibaya. Majaji walisema: huyu aliitupa kazi yake kabisa akaenda kulipiza kisasi cha nafsi yake, kwa hivyo Serikali haichukui dhamana ya kitendo chake. Mwenye kusoma mpaka hapa akafunga kitabu atadhani mgeni yule alishindwa. La! Alishinda kwa mlango mwingine. Wakubwa wa polisi walikuwa na habari za kutosha za kuwatia shaka juu ya mtu yule, nao wakamwachia njia ya kuifikia silaha. Huo ni uzembe wao wenyewe, si wake, na mwenye kukabidhi kitu cha kuua apaswa kumchungua amkabidhiye.

Ya pili ni ya Jamaica, nayo ndiyo twapenda msomaji aitie moyoni. Mwaka 1990, katika posta kubwa ya Kingston, watu walikuwa wamepanga foleni wangoje simu ya kupigia nchi za nje. Ilipofika zamu ya kijana mmoja akatokea mtu, akasema, "Polisi!", akataka apewe simu yeye. Kijana akakataa. Pakawa na kusukumana, kisha yule mtu akarudi nyuma, akampiga risasi ya kichwa. Alipopata fahamu hospitalini, askari yule yule alimkamata kwa shutuma ya kumshambulia polisi! Mahakama ya Rufaa ya Jamaica iliiondolea Serikali dhamana. London ikairudisha. Sababu ni nini? Ni lile neno "Polisi". Kwa neno lile alidai simu kwa nguvu ya cheo chake, na kule kumkamata baadaye kukalithibitisha. Tena Serikali ndiyo iliyowaruhusu askari kuchukua bastola zenye risasi hata nje ya zamu, na aliyeifungua hatari hiyo hawezi kusema haimhusu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka wa 8 wa Hijra, Khalid bin Walid alipowaua watu wa Banu Jadhima, Mtume (S.A.W.) alijitenga na kitendo kile mbele ya Mola wake, na juu ya hayo akampeleka Ali awalipie damu zao na mali zao. Hakuwaambia, "Mimi sikumwamrisha, mdaini yeye." Lakini Khalid alikuwa katika safari aliyotumwa, basi kisa chake chakaribia zaidi kile cha Jamaica kuliko cha Tortola.

Kwa hivyo aliyeshuhudia asitosheke na kusema, "Alikuwa amevaa kiraia." Na akumbuke: Alisema nini kabla ya kupiga? Alionyesha kitambulisho? Alitaka kumkamata mtu? Bunduki ilikuwa ya nani? Na je, aliwahi kulalamikiwa kituoni kabla ya siku ile? Hayo yaandikwe mapema, na malalamiko yapelekwe pia kwa IPOA, ile mamlaka ya kuwasimamia polisi iliyowekwa kwa sheria ya 2011.

Na hapa Kenya iko hatari ambayo wengi hawaijui. Madai ya namna hii, ambayo mdaiwa wake huwa ni Mwanasheria Mkuu, yatakikana yafunguliwe katika miezi 12, kwa Sheria ya Sura ya 39. Watu hungoja kesi ya jinai imalizike kwanza, nayo yaweza kuchukua miaka, wakija kuzinduka mlango umefungwa. Iliyobaki ni njia ya Katiba ya 2010, kifungu cha 23, ya kuomba fidia kwa kuvunjwa haki ya kuishi. Njia hiyo haikuwekewa miezi 12, ingawa kukawia bila udhuru huidhoofisha.

Na ajuaye kushinda ajue na kulipwa. Mali ya Serikali haikamatwi kwa deni la hukumu. Sura ya 40 yakataza. Wakili hana budi kuchukua hati ya deni kutoka mahakamani, aipeleke Serikalini, na wasipolipa arudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha mkuu ashikaye fedha za wizara ile.