Kabati za jikoni Kibamba: mtaji huharibikia chini ya sinki

WAKATI nyumba za kupangisha zikizidi kujengwa Kibamba, kandokando ya Barabara ya Morogoro, baadhi ya wenye nyumba wameanza kuweka kabati za jikoni ili kuvutia wapangaji. Hospitali ya Mloganzila iliyozinduliwa mwaka 2017, pamoja na upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha ulioanza mwaka 2018, vimelifanya eneo hilo liangaliwe kwa jicho jingine. Swali kwa mwekezaji mdogo ni kama kabati hilo litadumu hadi lirudishe fedha yake.

Chukua mfano wa mwenye nyumba aliyetumia sh. 3,000,000 kwa jiko na kupandisha pango kwa sh. 50,000 kwa mwezi. Ikiondolewa kodi ya zuio ya asilimia 10, hubakiwa na sh. 45,000. Atahitaji miezi 67, yaani zaidi ya miaka mitano na nusu, bila kuhesabu miezi ambayo nyumba itakaa tupu. Kabati likivimba mwisho wa mwaka wa tatu, atakuwa amerudisha sh. 1,620,000 tu.

Na kabati huvimba. Bodi nyingi za bei nafuu ni chipubodi au MDF, yaani vumbi na nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kisha zikafunikwa kwa melamini. Uso wa melamini haupitishi maji kirahisi. Maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno na kwenye matundu ya skrubu. Bomba la sinki likivuja wiki mbili bila kuonekana, ubao wa chini hufura na haurudi tena ulivyokuwa. Mteja huchagua rangi ya mlango kwa siku tatu, lakini hamuulizi fundi hata mara moja kama kingo za ndani zimebandikwa utepe.

Kwa nyumba ya kupangisha, njia inayostahili kufikiriwa kwanza ni ile ya zamani: kuta fupi za tofali, jamvi la zege juu, marumaru, kisha milango tu ya mbao. Hesabu yake ni nzuri. Kabati la chini lenye urefu wa mita 3, kwa vyumba vitano vya sentimita 60, hutumia karibu meta za mraba 9.75 za bodi, mbali na ubao mwembamba wa mgongoni. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 ina meta za mraba 2.98; ukiongeza asilimia 15 ya vipande vinavyopotea, zinatakiwa bodi nne. Kwa kabati la zege ni milango mitano tu, na bodi moja hutoa milango sita ya sentimita 60 kwa 72. Tofauti hiyo ya bodi tatu hulipa tofali, saruji na sehemu ya marumaru, na mpangaji anaweza kumwaga maji apendavyo.

Kuhusu umaliziaji wa nje, mwenye nyumba ajiulize kitu gani kinaweza kurekebishwa mpangaji akihama. Mninga uliopakwa vanishi hukwaruzika, lakini fundi huupiga msasa na kuupaka upya kwa siku moja au mbili. Zaidi ya hapo, mninga hautanuki wala kunywea sana hali ya hewa inapobadilika, jambo lenye thamani wakati wa masika. Mnunuzi adai nyaraka za TFS, kwa kuwa mbao zisizo nazo huweza kukamatwa njiani. Melamini haihitaji kupakwa rangi na mafuta ya kupikia hufutika kwa kitambaa, hivyo inafaa kwa kabati za juu, mbali na maji. Ikiungua au ikibanduka, dawa yake ni kubadili mlango mzima. Rangi nyeupe ya kupuliza inayong'aa hupendeza sana kwenye picha. Kwa mpangaji anayebadilisha gesi na mkaa, haishauriwi.

Vipimo vichukuliwe baada ya lipu na marumaru kukamilika, kwani ukuta wa nyumba zetu mara nyingi hupinda kwa sentimita moja au mbili. Kaunta yenye kimo cha sentimita 85 hadi 90 na kina cha 60 huwafaa watu wengi. Juu ya jiko la gesi iachwe nafasi isiyopungua sentimita 65 kabla ya kabati, na mtungi upate tundu la hewa usawa wa sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini.

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi nao wana la kuzingatia. Bodi ni mtaji mkubwa unaoharibika haraka zikisimamishwa ukutani au kulazwa sakafuni wakati wa mvua. Zilazwe juu ya mbao zilizoinuliwa. Kwa duka dogo, bawaba, utepe wa ukingo, gundi na vanishi huchukua nafasi ndogo na fedha kidogo, na bodi zinaweza kuagizwa mteja akishalipa.

Malipo ya fundi, awe wa Keko au wa mtaani, yagawanywe mara tatu: vifaa, kufunga, na salio baada ya sinki kujazwa maji, kuachiwa, na ubao wa chini kukutwa mkavu siku ya pili.