Vicharazio Viwili, Hitilafu Moja: Istilahi na Utambuzi wa Kasoro za Kipakatalishi

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutambua chanzo cha kasoro pale kicharazio au kipanya kilichochomekwa kwenye kipakatalishi kinapokataa kutii. Huenda msomaji akajiuliza suala hili la mafundi linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu letu ni kwamba kuitambua hitilafu huanza kwa kuitaja, na kutaja ni kazi ya lugha.

Tuanze na mfano. Nilikuwa nikiandika sura ya tatu ya tasnifu yangu, inayohusu nyimbo za kazi za wachumaji chai, katika chumba nilichopanga viungani mwa mji wa Kericho. Kikombe cha chai ya maziwa kikapinduka juu ya kipakatalishi. Nilikizima, nikakifuta, nikakiacha kikauke kwa siku kadhaa, maana Kericho na mvua zake si mahali pa kukausha kitu kwa haraka. Kilipowaka, baadhi ya vitufe vilikuwa vimekufa, nikaazima kicharazio cha nje. Mambo yakaenda vyema kwa wiki nzima. Kisha jioni moja nikapiga neno "mavuno", na ukurasa mtupu ukafunguka mbele yangu. Niliporudi kwenye sura yangu nilikuta sentensi moja tu, ile niliyokuwa nimeinakili muda mfupi kabla. Kurasa thelathini na tano hazikuwepo.

Nilimpigia simu fundi wa mjini. "Fundi, baobonye imeharibika." Akauliza, "Bao gani, mwalimu?" Nikasahihisha: "Kibodi." Akanishauri ninunue nyingine. Nikanunua, na hali ikabaki ile ile. Simlaumu. Nilikuwa nimemwambia kibodi ilhali nilikuwa nazo mbili, ya ndani na ya nje.

Aliyenifumbua macho ni kipanya. Nilipozungusha gurudumu lake ili nishuke ukurasa, maandishi yalikua na kupungua badala ya kusogea. Hivyo ndivyo gurudumu linavyofanya mtu anapokuwa ameshikilia kitufe cha Ctrl, nami sikuwa nimeshika kitu. Basi kulikuwa na Ctrl iliyobonyezwa mahali fulani. Nikachomoa kicharazio cha nje kabisa: gurudumu likaendelea na ukaidi wake. Kosa lilikuwa ndani. Ile sentensi niliinakili kwa Ctrl ya kipakatalishi, kwa mazoea tu. Kitufe kikashuka, sukari ya chai ikakizuia kisipande. Windows haibagui Ctrl imebonyezwa kwenye kicharazio kipi, kwa hiyo kila herufi niliyoipiga nje iligeuka amri. Tazama neno lenyewe lilivyofanya katika Word: *m* ilisogeza aya, *a* ikateua maandishi yote, *v* ikabandika ile sentensi mahali pa sura nzima, *u* ikapiga mstari chini, *n* ikafungua waraka mpya, *o* ikaita dirisha la kutafuta faili. Laiti ningaliandika "chai", ningeishia kuona dirisha la kutafuta na kubadilisha maneno. Kwa bahati sikuwa nimeifunga faili, nami nilitendua kila hatua kwa kubofya mshale wa kurudi nyuma kwa kipanya hadi sura ikarejea.

Kanuni ninayoipendekeza, basi, ni kutenganisha kabla ya kununua. Chomoa cha nje. Kasoro ikibaki, chanzo ni tarakilishi yenyewe. Ikitoweka, kichomeke cha nje kwenye tarakilishi ya mwenzako. Kikifanya kazi huko, jaribu tundu jingine la USB kwenye yako, moja kwa moja, bila kigawi katikati. Kwa kipanya kisicho na waya, badilisha betri kwanza. Kipanya cha mwanga nacho hupotea njia juu ya meza ya kioo, kwa kuwa hakipati alama za kusoma. Karatasi moja chini yake hutosha.

Mjadala wetu wa istilahi umejikita mno kwenye nomino. Tumeshindania tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Puku, kipanya na mausi. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, tuna orodha za kujivunia. Vitenzi tumevisahau, ilhali hitilafu huishi katika vitenzi. Kitufe kilichokufa hakitoi herufi, kilicholegea hutoa mara moja moja, na kilichokwama hutoa bila kuombwa. Hizo ni kasoro tatu zenye tiba tofauti, na wengi wetu huziita zote "kuharibika". Cha kukwama huzimiwa mashine, umeme na betri vikatolewa, kifuniko chake kikainuliwa, kikasafishwa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kisipopona, fundi hukata mawasiliano ya kicharazio cha ndani kwa kuchomoa utepe wake.

Nilimpigia fundi tena: "Ctrl ya kibodi ya ndani imekwama chini." Safari hii hakuniuliza bao gani.

"Ulimwaga chai au soda?"