Sikio Kwanza, Kidole Baadaye: Jinsi ya Kucheza Friday Night Funkin' Usukumani

Anayeanza kucheza Friday Night Funkin' hukodolea mishale macho. Inapanda kutoka chini ya skrini, kushoto, chini, juu, kulia, kila upande na rangi yake, naye anasubiri mshale ufike kwenye alama ndipo abonyeze. Nyimbo mbili tatu za mwanzo zinapita hivyo bila shida. Zikianza kwenda mbio anachelewa, anazidi kukodoa, anachelewa zaidi, mwisho anasema hii gemu ni ya watu wenye vidole vyepesi. Mimi nasema tatizo halipo vidoleni. Gemu hii huchezwa kwa sikio, macho ni wasaidizi tu, na mtu aliyekulia huku kwetu Lagangabilili, au Bariadi, au kokote Usukumani ambako wimbo mmoja hutolewa na mtu mmoja na kuitikiwa na kundi zima, ana sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa kabla hajagusa kibodi. Kinachobaki ni kuujua ujuzi huo unaingia wapi.

Gemu yenyewe ilianza Oktoba 2020 kwenye Ludum Dare, mashindano ambayo watu hutengeneza gemu ndani ya siku chache. Waliitengeneza wanne wanaojulikana mtandaoni kwa majina ya usanii: ninjamuffin99, PhantomArcade, evilsk8r na Kawai Sprite, na huyu wa mwisho ndiye aliyetunga muziki. Baadaye ikapanuliwa na kuwekwa bure kwenye tovuti ya Newgrounds, na mwaka 2021 walipoomba michango ya kuikamilisha walipata zaidi ya dola milioni 2. Kisa chake ni chepesi. Kijana anampenda binti, baba wa binti hataki, na kijana hana njia ila kushinda mashindano ya kuimba, mpinzani mmoja baada ya mwingine. Chini ya skrini kuna mstari mmoja wenye rangi mbili na sura za waimbaji wawili zikiwa zimebanana katikati. Ukipatia mishale, sura zinasogea kuelekea kwa mpinzani. Ukikosa, zinarudi kwako. Zikifika mwisho wa upande wako, umeshindwa na wimbo unakatika.

Msukuma akiutazama mstari huo ataona kitu anachokijua. Vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo chimbuko lake hutajwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, vimeshindana miaka yote hiyo kwa kanuni ileile. Kila upande una uwanja wake, ngoma zinaanza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kutembea. Umati ukihamia kwa Bagalu, Bagika wanapungukiwa. Wakitoa jambo jipya, watu wanarudi. Hakuna jaji mwenye karatasi, umati ndio matokeo. Mashindano ya namna hiyo hufanyika kiangazi baada ya mavuno, na yanayojulikana zaidi ni ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yanayofuata sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, ambayo padre David Clement aliyatia nguvu pamoja na makumbusho ya Wasukuma. Sisemi kwamba watengenezaji wa gemu waliiga Bujora. Wao waliangalia PaRappa the Rapper, gemu ya Kijapani ya 1996, na Dance Dance Revolution ya Konami ya 1998 iliyoleta mishale minne. Ila PaRappa nayo imejengwa juu ya kupokezana: mwalimu anaimba mstari, mwanafunzi anaurudia. Umbo hilo ni la manju na waitikiaji wake, na hapo ndipo somo la kwanza la kucheza linapopatikana.

Somo lenyewe ni hili: mpinzani anapoimba, usipumzike. Wanaoanza wengi huona zamu ya mpinzani kuwa muda wa kunyoosha vidole. Kumbe ndipo jibu lako linapotolewa. Katika Bopeebo, wimbo wa kwanza wa wiki ya kwanza (wiki ni jina ambalo gemu hulipa kundi la nyimbo), anachoimba baba wa binti ndicho utakachoimba wewe karibu vilevile. Kwa hiyo wakati wake, imba naye kimoyomoyo, gonga mguu, acha mdomo utembee kama hakuna anayekuangalia. Zamu yako ikifika unakuwa unarudisha kitu ulicho nacho tayari, na mishale inakuja kuthibitisha tu. Nyimbo za mbele zina ujanja wa kubadilisha mwisho wa mstari, au kukuongezea vipande ambavyo mpinzani hakuviimba, lakini sehemu kubwa ya mapigo inabaki ileile. Ukishika mwili wa mstari, macho yanapata nafasi ya kushughulikia mkia uliobadilika. Na gemu yenyewe inathibitisha kwamba imetengenezwa kwa ajili ya sikio, maana ukikosa mshale sauti ya mwimbaji wako inakatika papo hapo huku ala zikiendelea. Kosa lako unalisikia kabla hujaangalia mstari.

Sasa hesabu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Bopeebo inakwenda mapigo 100 kwa dakika, maana yake pigo moja lina milisekunde 600, na ukiligawa pigo mara nne, kama gemu inavyoligawa, kila hatua ni milisekunde 150. Fresh inayofuata ni mapigo 120, hatua inakuwa 125. Dadbattle, ya mwisho katika wiki hiyo, ni 180, na hatua inashuka hadi 83 hivi. Ili upate daraja la juu kabisa kwenye mshale unatakiwa upishane nao kwa chini ya milisekunde 50. Hakuna jicho linalosubiri kitu kifike kwenye mstari, likaamua, likaagiza kidole, yote ndani ya muda huo. Anayepatia anakuwa amebonyeza kwa kutarajia, na kutarajia ndiko mapigo yanakofundisha. Watafiti wa saikolojia ya muziki wamelipima hili kwa miongo kadhaa: mtu akiambiwa agonge kidole kufuata mlio wa kujirudia anapatia vizuri zaidi kuliko akifuata taa inayowaka na kuzima kwa mwendo uleule. Waliona pia kwamba wengi wetu hugonga mapema kidogo, kabla ya mlio, hasa wasio wanamuziki. Kwa hiyo ukigundua kwamba umewahi, usianze kuchelewesha kidole kwa makusudi. Rudisha mguu sakafuni, uache mguu ushike pigo, kidole kifuate mguu.

Kwa sababu hiyohiyo, hedifoni za Bluetooth ziweke pembeni. Sauti inayotumwa bila waya huchelewa, na mara nyingi ucheleweshaji huo unazidi milisekunde 100, yaani zaidi ya nusu ya hatua katika Bopeebo na zaidi ya hatua nzima katika Dadbattle. Unasikia pigo wakati mshale wake umeshapita. Mtu aliyefanyiwa hivyo hujifunza kutoamini sikio lake, na huo ndio uharibifu mkubwa, kwa sababu akibadilisha kifaa inabidi ajifunze upya. Hedifoni za waya za bei ya chini kabisa zinatosha. Kama unatumia spika ya kompyuta, nayo ni sawa. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kurekebisha tofauti ya sauti na picha. Ifungue kabla ya kuanza, bonyeza kufuata mlio, acha gemu ipime yenyewe. Simu za Android nazo zina ucheleweshaji wake wa sauti, mwingine mkubwa kuliko mwingine, kwa hiyo usichukue namba ya rafiki yako ukaiweka kwenye simu yako.

Kuhusu vidole nina machache. Kwenye kibodi acha vitufe vya mishale vya pembeni, tumia D, F, J na K, vidole viwili kila mkono, kwa kuwa mkono mmoja ukibeba sehemu zote nne unachoka wimbo haujafika katikati. Mshale wenye mkia mrefu unashikiliwa mpaka mkia uishe. Wengi wanaachia mapema kwa haraka ya kuwahi unaofuata. Halafu kuna jambo linaloonekana kinyume: ukilemewa na mishale mingi, ongeza mwendo wake wa kupanda skrini, kama toleo lako linaruhusu. Wimbo haubadiliki hata kidogo, ila mishale inaachana, inaonekana mmoja mmoja, na macho yanapumua.

Kuna pingamizi ambalo si la kupuuzwa. Watu wapo wanaocheza sauti ikiwa imezimwa, na wanashinda. Kuna viziwi wanaozicheza gemu za mapigo vizuri kuliko wengi wetu. Kama ni hivyo, sikio lina kazi gani? Nakubali ukweli wa jambo lenyewe. Macho yanaweza kujifunza mwendo, kwa sababu mishale nayo inapanda kwa kasi isiyobadilika, na mapigo yanaweza kushikwa hata kwa mtetemo. Lakini huyo anayecheza bila sauti naye hasubiri mshale mmoja mmoja. Amejenga pigo ndani yake kwa njia nyingine, na kila mshale anautarajia. Hoja yangu inasimama palepale: kinachocheza ni pigo lililo ndani ya mtu. Kwa anayesikia, mlango wa karibu wa kuliingiza ni sikio, na hakuna sababu ya kuufunga. Pale ambapo nakiri macho yanatawala ni kwenye baadhi ya nyongeza za mashabiki, zenye mishale mingi isiyofuata chochote kinachosikika kwenye wimbo. Hizo ni mazoezi ya kusoma kwa haraka. Anayezipenda azicheze, ila asianzie huko.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazee, nami nalichukua kwa uzito. Wanasema kijana anayebonyeza mishale chumbani anakosa uwanja: vumbi, wenzake, kiuno, jembe la ngoma ya bugobogobo linalorushwa na kudakwa huku ngoma ikiendelea. Wana haki. Bugobogobo ilitoka shambani, kwenye kulima kwa pamoja, na hakuna skrini inayoweza kumpa mtu uzito wa jembe lile. Tena gemu haina alama ya ubunifu. Manju mzuri hubadilisha wimbo akiona umati umechoka, mchezaji huongeza mbwembwe zake, na hiyo ndiyo inayowavuta watu watoke ng'ambo. Friday Night Funkin' inakutaka urudishe kilichoandikwa na usizidishe. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu aache ngoma kwa ajili ya gemu. Lakini sioni kwamba kimoja kinakula kingine. Kijana huyohuyo anasikiliza singeli, muziki uliotoka uswahilini Dar es Salaam ambao hupita mapigo 200 kwa dakika, na sikio lake linaufuata bila jasho. Anayeweza kucheza singeli hatishwi na 180 za Dadbattle. Anachokosa mara nyingi ni subira ya kusikiliza zamu ya mwenzake, na hiyo uwanja wa ngoma unaifundisha vizuri kuliko gemu yoyote.

Kitu ambacho wazee pengine hawajaambiwa ni kwamba milango ya gemu hii iko wazi. Msimbo wa programu yake uliwekwa hadharani, na kwa sababu hiyo mashabiki duniani wameongeza wapinzani na nyimbo zao wenyewe. Katika matoleo ya awali, na katika matoleo mengi ya mashabiki, ukibonyeza 7 katikati ya wimbo unafunguliwa ukurasa wa kupanga mishale: vyumba 16 kwa kila kipande, yaani mapigo manne yaliyogawanywa manne manne, upande mmoja wa mpinzani na upande mwingine wako, pamoja na alama ya kuonyesha zamu ni ya nani. Mfumo huo unataka mafaili mawili, moja la ala peke yake na lingine la sauti peke yake. Wimbo wa Bagalu unaingia humo bila kulazimishwa: manju kwa upande wa mpinzani, waitikiaji kwa upande wa mchezaji, ngoma kwenye faili la ala.

Anayetaka kujaribu aanze na wimbo mfupi ambao mwendo wake hautetereki, kwa sababu ukurasa ule unadai namba moja ya mapigo, na ngoma ya uwanjani huongeza kasi kadiri watu wanavyochangamka. Ama uwaombe wapigaji washike mwendo mmoja, ama uandike namba mpya kila kasi inapopanda. Mfumo unaruhusu hilo, ila ni kazi ya jioni nyingi. Rekodi ngoma kwanza, kisha manju na waitikiaji waimbe wakiisikiliza kwa hedifoni, ili sauti zisichanganyike na ngoma. Panga mishale kwa kusikiliza kipande kimoja kimoja, ukifumba macho, ukigonga mezani unachosikia kabla hujaweka alama. Na kabla ya yote hayo, kaa na manju mwenye wimbo, mwonyeshe gemu inavyofanya kazi, mpatane malipo, na jina lake liandikwe pale pale jina la wimbo linapoonekana.