Mzazi, Mtoto na Sinema Isiyo na Haraka

Swali: Je, yatosha mzazi kumkataza mtoto sinema mbaya?

Jibu: Haitoshi. Mtoto wa miaka 10 au 11 huona yote, lakini hajui bado kuyapima. Yampasa mzazi kuketi naye na kutazama pamoja naye.

Mfano ni sinema iitwayo Pumzi, iliyotengenezwa mwaka 2009 na Mkenya Wanuri Kahiu. Ni hadithi ya kubuni juu ya nyakati zijazo, miaka 35 baada ya vita vya kugombania maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, pasipo mti hata mmoja. Jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe tena. Asha, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyemjua. Anatia mbegu ndani yake, nayo inachipua. Wakubwa wanamkataza kutoka nje. Anatoroka na mche wake, anashika njia ya jangwani.

Yote hayo huchukua dakika kama 20, na maneno ni machache mno. Hapo ndipo ilipo kazi ya mzazi. Baba mmoja wa Lubero, kwa mfano, ameketi na binti yake mbele ya simu. Asha anatembea tu. Hakuna mapigano wala kelele. Mtoto anachoka, anataka kurukisha picha. Baba asikubali, wala asijaze kimya kile kwa mahubiri. (Wazazi wapendao kueleza kila kitu huharibu sinema kuliko watoto wenye kelele.) Binti apandishaye dumu la maji mlimani kila asubuhi ataielewa chupa ya Asha inayopungua, bila mwalimu.

Mwishoni Asha anaunywesha mche maji yake ya mwisho, kisha anajilaza kando yake kuukinga na jua.

“Baba, Asha alijiua?”

Swali hilo ni zito, lisijibiwe upesi. Ajiuaye hutafuta kufa. Asha alitafuta mti uishi. Mkatekumeni aliyekwisha kufundishwa habari za Msalaba aijua tofauti hiyo, lakini mtoto huenda asiridhike.

“Mbona hakuwaita wengine waje kusaidia?”

Baba akiri kwamba swali ni la haki. Asha aliomba ruhusa, wakubwa wakakataa kumsikiliza. Kisha simu izimwe, maana kesho kuna maji ya kuchota, na njiani mtoto atauliza tena.