Gari la Kabureta Linapozima Njiani

Peugeot 504 iliyotoka Mombasa ikinguruma vizuri inaweza kufika Nairobi na kuanza kuzima kwenye kila taa nyekundu, ilhali hakuna kilichovunjika. Barabara imeipandisha hadi karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta haina habari. Inaendelea kutoa petroli kupitia tundu lilelile, mchanganyiko unazidi mafuta, plagi zinashika masizi, na sailensi, yaani mzunguko wa injini mguu usipokanyaga mafuta, inashuka mpaka injini inakata roho.

Magari ya aina hiyo hayajaisha Afrika Mashariki, na kuzima ovyo si haki yake ya uzee. Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally ya kwanza mwaka 1953, ikivuta mafuta kwa njia hiyo hiyo ya kale. Gari lililotunzwa halizimi bila sababu, na sababu hujitaja kwa wakati wake. Mwenye gari akienda kwa fundi, jambo la kwanza la kumweleza ni lini linazima: asubuhi likiwa baridi, kwenye foleni, mlimani, au baada ya kusimama kidogo na injini moto.

Likizima ghafla, kana kwamba mtu kageuza ufunguo, umeme hutazamwa kwanza: waya za koili, kondensa, na pointi za distributa, ambazo kwa injini nyingi za enzi hizo huachwa mwanya wa karibu milimita 0.4. Likigugumia, likikohoa na kuishiwa nguvu taratibu, mara nyingi shida ni mafuta. Kabureta husingiziwa mengi, na bisibisi huingia kazini kabla ya uchunguzi.

Gari linalokimbia bila tatizo lakini likazima mara dereva anapoondoa mguu linaonyesha kwamba njia ya mafuta ya sailensi huenda imeziba. Tundu la jeti yake lina upana wa karibu nusu milimita; punje moja ya kutu yatosha kuliziba. Jeti hufunguliwa na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Anayeichokonoa kwa waya anaipanua, na kuanzia siku hiyo gari litakunywa mafuta. Beetle zenye kabureta ya Solex 34 PICT-3 zina jambo la ziada: valvu ndogo ya umeme inayokata mafuta ya sailensi swichi inapozimwa. Waya wake ukichomoka, injini haikai sailensi hata fundi afanye nini. Swichi ikiwashwa, valvu iliyo nzima hulia "tik". Sikio linatosha kuipima, na ni vyema lipime kabla ya kabureta kushushwa. Land Rover zilizofungwa Zenith 36 IV zina ugonjwa wao pia. Vipande vya kabureta hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, kisha hewa hupenya pasipotakiwa. Husuguliwa kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo mpaka vikae bapa, na oringi hubadilishwa.

Hewa ya wizi huingia pia kwenye gasketi ya manifoldi na kwenye mipira iliyopasuka, ukiwamo ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Maji ya sabuni yakidondoshwa kwenye maungio wakati injini inaunguruma, mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Wapo wanaopima kwa kumwagia petroli. Ekzosi yenye moto iko pembeni tu, na gari limewahi kuungua kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kisha kuna joto. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na mapema zaidi mahali pa juu. Dereva akisimama Mtito Andei kunywa chai, joto la injini hupanda hadi kwenye pampu na kabureta, na mvuke unachukua nafasi ya mafuta. Kitambaa kibichi juu ya pampu ni huduma ya kwanza inayofaa kweli. Dawa ya kudumu ni kuhakikisha kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta hakijaondolewa, na paipu ya mafuta haijalazwa karibu na ekzosi.

Mfuniko wa tangi nao usisahauliwe. Ulioazimwa kutoka gari jingine, au nailoni iliyofungwa mahali pake, huzuia hewa kuingia. Gari linakwenda kilomita kadhaa, linazima, na mfuniko ukifunguliwa unasikika mvumo wa hewa.

Sailensi hurekebishwa mwisho, pale gari linapoishi, injini ikiwa moto, choki imerudishwa na filta ya hewa iko mahali pake. Mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika inatosha kwa injini nyingi za silinda nne. Skrubu ya mchanganyiko haikazwi kwa nguvu, kwa maana ncha yake huingia alama na haitapima tena sawasawa. Anayehamia moja kwa moja mahali pa juu kama Eldoret au Limuru huhitaji pia jeti kuu ndogo zaidi.

Gari likizima katika mwendo, busta hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha breki huwa ngumu. Dereva akanyage mara moja kwa uthabiti, bila kupampu, aelekee pembeni na kuweka pembetatu za tahadhari. Injini iliyofurika mafuta huwashwa kwa kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kuishikilia hapo, starta ikizungushwa kwa sekunde chache na kupumzishwa. Kizima moto kikae mahali ambapo mkono wa dereva unafika bila kufungua buti.