SOMO KWA MAKATIBU: TOVUTI ILIYOHAMISHWA NA VIENDELEZI VISIVYOKUBALI KUINGIA

Chama kinapohamisha tovuti yake kutoka seva moja hadi nyingine, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha siku ile kurasa zinapofunguka. Bei za kahawa zinasomeka na tangazo la mkutano mkuu lipo. Baada ya majuma machache katibu anataka kuingiza kiendelezi, yaani programu ndogo inayoipa tovuti kazi mpya, kama vile fomu ya mwanachama kuulizia malipo yake. Anapakia faili, na tovuti inakataa, ikieleza kwamba imeshindwa kuhamisha faili au kuunda folda. Hapo lawama huanza: kiendelezi hulaumiwa, seva mpya hulaumiwa, na fundi huitwa tena kwa malipo mengine. Aghalabu kosa limo katika mistari miwili ya faili moja.

Mfano wa somo hili ni Joomla, programu ya kuendeshea tovuti iliyoanza mwaka 2005. Jina hilo, ingawa tahajia yake ni ya kigeni, ni neno la Kiswahili «jumla», nalo lilichaguliwa kwa maana ya wote kwa pamoja. Wanaushirika hawana sababu ya kuliona geni.

Kiendelezi hakiendi moja kwa moja mahali pake. Kwanza furushi lake huwekwa katika folda ya muda iitwayo tmp, hufunguliwa humo, kisha faili zake husambazwa. Njia ya kuifikia folda hiyo imeandikwa kwa ukamilifu katika faili configuration.php, kwenye mstari wa $tmp_path. Njia ya folda ya kumbukumbu za makosa imo katika $log_path. Njia kamili huanzia kwenye mzizi wa seva na mara nyingi hubeba jina la akaunti. Ikiwa seva ya kwanza ilitumia /home/chama/public_html/tmp, na ya pili imeipa akaunti jina ushirika, mstari ule bado unaelekeza mahali pasipokuwapo. Ni sawa na karani wa ghala jipya ambaye hati yake ingali inamwagiza kushusha mzigo katika stoo ya zamani. Shehena iliyokwisha kuingia inauzwa bila tatizo. Mzigo mpya ndio usio na pa kushukia. Kwa hiyo wasomaji wa tovuti hawaoni kasoro yoyote.

Hatari yake ni kubwa kuliko usumbufu wa fomu moja. Masahihisho ya usalama, ya viendelezi na ya Joomla yenyewe, hupitia folda hiyo hiyo. Tovuti isiyoweza kuyapokea hubaki na matundu yanayojulikana na wezi, na ndani yake mna majina na simu za wanachama.

Katibu na afungue ukurasa wa taarifa za mfumo katika upande wa utawala, ambako folda zinazoandikika na zisizoandikika zimeorodheshwa. Njia sahihi ataipata katika taarifa za PHP, kwenye DOCUMENT_ROOT, au kwa mwenye seva. Kabla ya kugusa configuration.php, achukue nakala yake. Faili hiyo huwa imefungwa kwa idhini 444. Aifungue kwa 644, arekebishe mistari hiyo miwili tu, kisha aifunge tena. Mistari ya hifadhidata isiguswe.

Njia zikiwa sahihi na kukataliwa kukiendelea, zitazamwe idhini: kwa kawaida 755 kwa folda na 644 kwa faili. Wapo mafundi wanaoweka 777 kila mahali ili kazi iishe upesi. Jambo hilo likataliwe kabisa. Idhini hiyo humruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika ndani ya folda za chama, na seva za kukodi zina wapangaji wengi. Ikiwa faili zilinakiliwa kwa jina la mtumiaji mwingine, dawa ni kumwandikia mwenye seva arudishe umiliki kwa akaunti ya chama.

Sababu nyingine ni nyepesi. PHP isiyorekebishwa hupokea faili isiyozidi megabaiti 2. Furushi kubwa zaidi huhitaji kiwango hicho kiongezwe, au lifunguliwe kwanza na kuingizwa kutoka kwenye folda. Nafasi ya diski huenda imejaa. Toleo la PHP nalo litazamwe: Joomla 5 haikubali lililo chini ya 8.1. Chama ambacho bado kina Joomla 3 kijue kwamba msaada wake ulikoma Agosti 2023, na fedha za fundi zingefaa zaidi kwenda kwenye kupandisha toleo.

Baada ya marekebisho, kijaribiwe kiendelezi kidogo na kuondolewa, kisha mabaki yake yafutwe katika tmp. Njia mpya, toleo la PHP, tarehe, na jina la mwenye kutunza nywila viandikwe katika daftari la mali za chama. Nakala iliyobaki kwenye seva ya zamani, pamoja na hifadhidata yake, ifutwe kabla mkataba haujaisha, baada ya kuhakikisha kwamba nakala ya akiba ya chama inafunguka.